Kwa Nini Boga Changa Halinyooshewi Kidole

Acheni kwanza kuchambua hizo mbegu, mnisikilize. Asubuhi nimemwona mmoja wenu akinyoosha kidole kwenye boga changa la jirani, na wenzake wakampiga kofi mkononi bila kumwambia sababu. Sababu ninayo. Nakiri tu kwamba imepindapinda, na kuna mahali inanichanganya hata mimi niliyeisikia mara mia.

Zamani, kabla bibi wa bibi yangu hajazaliwa, boga lilikuwa mmea mtiifu kuliko yote. Halikutambaa ovyo kama siku hizi. Mwenye shamba alisimama asubuhi, akanyoosha kidole upande aliotaka, na kufika jioni tawi lilikuwa limegeukia huko, limelala limetulia. Ukilionyesha ukingo wa tuta, lilifuata ukingo. Ukilionyesha kisiki, lilikipanda kisiki. Mashamba ya huku milimani yalinyooka, kila mtu na boga lake ndani ya mpaka wake, na hakuna aliyegombana na jirani kwa ajili ya jani.

Katika watu hao alikuwapo mwanamke aliyeitwa Nakiete. Huyu alipenda bustani kupita kiasi. Mvua za kwanza za masika zilipogusa ardhi, wapenda bustani wote walipatwa na wazimu wao wa kila mwaka: kutembeleana mashambani, kunusa udongo, kubishana kama hii ndiyo mvua yenyewe au ni manyunyu ya kudanganya watu. Nakiete alikuwa wa kwanza kutoka na wa mwisho kurudi. Na alipozungumza, mikono yake haikukaa. Akitaja mahindi, kidole kwenye mahindi. Akitaja mawingu, kidole juu. Wifi yake Nangasu, dada wa mumewe, ambaye shamba lake lilipakana na la Nakiete, alimtania kwamba siku akifungwa mikono atakuwa bubu.

Mwaka huo Nakiete alikuwa na jambo zito. Mama yake alikuwa amefariki kiangazi kilichopita, akamwachia mbegu za boga la kijivu. Boga hilo lililimwa na mama huyo peke yake. Lilikuwa kavu, tamu, likipikwa linapasuka lenyewe chunguni, na kila mwaka majirani walipelekewa vipande. Mbegu walizikaanga wakatafuna, maana nani aliwaza kwamba mama yule atakufa? Kisha panya wakaingia kwenye kibuyu cha mbegu, zikabaki tatu. Nakiete alizipanda zote na mvua ya kwanza. Mbili zikaoza, moja ikaota. Hiyo nayo ikifa, boga la mama limekwisha duniani, na alilijua hilo kila alipolala na kila alipoamka.

Ule mmea ukakua vizuri, majani mapana. Akauelekeza kwa kidole ufuate ukingo wa tuta, nao ukafuata. Ukachanua, ukatoa kitoto cha boga kadiri ya yai la kuku. Nakiete alikimbia hadi mpakani.

"Wifi! Wifi Nangasu! Njoo uone, limeshika!"

"Liko wapi?"

"Lile pale, chini ya jani lile!"

Nangasu naye akanyoosha kidole chake. "Lile?"

"Hilo si ua tu, wewe! Lile!"

Wakaanza kuzungumza, na mnajua mazungumzo ya watu wa bustani yakishaanza. Kama kunde zipandwe sasa au zingojwe kidogo. Banda la mbuzi linalovuja. Njia ya mferejini iliyomomonyoka. Na kila walichokitaja walikionyesha kwa kidole, huku wamesimama hapo hapo kwenye boga.

Asubuhi Nakiete alikuta tawi limegeukia bandani, kisha limerudi nusu kuelekea njiani, kisha limejikunja, na vile vikono vyake vya kujishikizia vimeshikana vyenyewe kwa vyenyewe. Kitoto cha boga kilikuwa kimegeuka njano. Siku ya pili kikadondoka. Hakuelewa. Alinyunyiza jivu akidhani ni wadudu. Akapunguza maji, kisha akaongeza, kisha akasahau kama jana alipunguza au aliongeza. Boga la pili likashika, na kijiji kizima kikaja kulitazama, watu wema kabisa, kila mmoja na ushauri wake na kidole chake. Nalo likadondoka vilevile.

Hapo akili ikamruka. Akakumbuka nani alikuwa wa kwanza kuliona lile la kwanza, akamwendea Nangasu shambani kwake, mbele ya watu.

"Wifi, ni jicho lako linaloniulia boga la mama. Usikanyage tena kwangu."

Nangasu naye alikuwa amekula kwenye chungu cha mama yule miaka yote, akamlilia alipokufa. Aliokota jembe lake akaingia ndani. Nasema wazi kwamba Nakiete alikosea, na nusu ya moyo wake ilijua, lakini nusu nyingine ilikuwa na hofu mno kuweza kusikia.

Boga la tatu likashika, na mvua zilikuwa zimeanza kupungua. Hili lilikuwa la mwisho. Nakiete akalizungushia matawi ya miti, akafukuza kila mgeni. Kila asubuhi aliingia peke yake, akanyoosha kidole, akauliza, "Upo, mama?" Kisha akalionyesha pa kulala: siyo hapo pana jiwe, hapa, hapana, pale penye kivuli. Siku ya nne ncha ya boga ikaanza kupauka. Akakaa chini kwenye matope. Ikiwa Nangasu haji tena, basi ni nani anayeliua?

Chini ya kijiji aliishi mzee Kajiru, aliyeanguka mtini ujanani, vidole vya mikono yote miwili vikakunjika visinyooke tena. Shamba lake lilikuwa kichekesho. Maboga yake yalitambaa njiani, yalipanda paa, yaliingia kwa watu. Lakini yalikuwa makubwa, na hayakudondoka hata moja. Nakiete akaenda kwake, aibu kaiacha nyumbani.

"Baba, unayafanyia nini maboga yako?"

"Hata mimi sijui, mwanangu," Kajiru alisema. "Yananishinda. Nayaambia nendeni kule, yanakwenda yanakotaka." Akaonyesha huko kwa mkono wake, na kidole kilichokunjika kikawa kinamwonyesha yeye mwenyewe.

Nakiete akanyoosha kidole kutaka kuuliza habari za boga moja la kando. Akaona kikono chembamba cha mmea kinageuka polepole kuelekea kidoleni kwake. Akasogeza kidole kushoto, kikafuata kushoto. Akasogeza kulia, kikafuata, kikaanza kutetemeka. Akakikunja kidole. Kikono kikasimama kidogo, kisha kikarudi kwenye shughuli zake. Nakiete alilia papo hapo, mbele ya mzee wa watu, ambaye hakujua afanye nini akaenda kumletea maji.

Jioni hiyo alichuma jani la sale la mpakani, ambalo kwetu ndilo la kuombea msamaha, akalishika kwa mikono miwili, akasimama mlangoni kwa wifi yake.

"Wifi, nisamehe. Halikuwa jicho lako. Ni mkono wangu."

"Mkono wako umefanya nini?"

Akajaribu kueleza. Lakini kueleza bila vidole alikuwa hajawahi, na ngumi zake zikawa zinarushwa huku na huku, jani likipigapiga hewani, hadi Nangasu akacheka bila kutaka. Kisha akaacha kucheka, akalipokea lile jani.

"Sijaelewa hata kidogo," alisema. "Lakini nimekusamehe."

Siku zile zilizofuata hakuna aliyelionyesha boga chochote. Mmea ukasita siku tatu, haujui uende wapi. Kisha ukatambaa wenyewe, ukapenya kati ya masale ya mpakani, ukaenda kulilaza boga katikati ya maharage ya Nangasu. Nakiete aliona. Mkono ukainuka kulirudisha, akaubana kwapani. Boga la mama yake lilikuwa limelala kwenye udongo wa mtu ambaye yeye mwenyewe alimtukana, na hakuwa na la kufanya. Nangasu angeweza kulikata, na ningemwelewa. Badala yake alilitandikia nyasi kavu lisioze.

Lilipokomaa walilipasua pamoja. Mbegu wakazigawa kila nyumba, na mwaka ule hakuna aliyekaanga hata moja.

Na tangu siku hiyo, mtu akitaka kuonyesha boga changa hukunja kidole, akaelekeza kwa kifundo. Na boga nalo, tangu lilipokosa wa kulielekeza, hutambaa popote, hurudi, hujisokota, huingia kwa watu, mpaka leo halijajua limtii nani. Likivuka mpaka hatulikati. Likikomaa huko, wanalipasua pamoja wenye mashamba wote wawili.

Makaburi nayo hatuyanyooshei kidole, na hapo ndipo hadithi inaponichanganya, kwa sababu kaburi halitambai. Ila wanasema Nakiete alipozeeka, wajukuu walimwuliza mama yake alizikwa wapi. Alikunja kidole, akaelekeza kwa ngumi upande wa migomba.

"Bibi," wakasema, "kwani kaburi nalo hudondoka?"

"Sijui," akasema. "Lakini nimeshampoteza mara moja."