Bi Pimbi na Bati la Chui

"Hadithi!"
"Ije!"
"Hii inauma!"
"Iume!"
"Mwenye moyo mwepesi atoke!"
"Hatoki mtu!"

Haya. Msije kunililia baadaye.

Alikuwepo Bi Pimbi, mnyama mdogo wa majabalini. Mkia hana, ila nyayo zake zinashika hata penye utelezi, kwa hiyo alikuwa fundi wa mapaa. Alikuwa na watoto watatu: Kopa, Bunda na Tindi. Na alikuwepo Chui. Huyo mnamjua.

Siku moja Chui alichoka kulala mtini. Akataka nyumba yake mwenyewe, ukuta bati, paa bati. Je, alimwendea fundi kwa adabu? Thubutu! Alifika kwa Bi Pimbi, akawatia watoto wote watatu ndani ya tenga, akalifunga kwa kamba.

"Bi Fundi, utanijengea," akasema taratibu. "Nyumba ikiisha, wanao utawapata."

"Nitawapata wazima, Mzee Chui?"

Chui akajilamba.

Bi Pimbi akaogopa. Msicheke, hata nyinyi mngeogopa.

Wakaenda dukani kwa Nyani, tenga likiwa mgongoni kwa Chui. Mabati yalikuwa ya aina mbili: geji ishirini na nane, na geji thelathini na mbili. Bi Pimbi akagonga la kwanza: ndu! Bati nene, zito. Akagonga la pili: nge-nge-nge! Jembamba, linapinda kwa mkono.

"Chukua ishirini na nane, mzee," akasema. Alikuwa anasema kweli tupu. Nani atadanganya na wanawe wako mgongoni kwa Chui?

Chui akanguruma. "Unanipunja! Ishirini na nane na thelathini na mbili, kubwa ipi?"

"Thelathini na mbili, mzee, lakini..."

"Lakini nini? Nipe kubwa!"

Nyani alitaka kumweleza kwamba geji ikipanda namba, bati linapungua unene. Akayaona makucha. Akafunga mdomo. Bi Pimbi naye akalitazama lile bati jembamba, akafikiri kidogo, akafunga mdomo.

Kazi ikaanza. Chui hakugusa hata nyundo. Alilala ndani, mkono juu ya tenga, macho kayafumba, masikio wima.

"Kila bati misumari minane," akasema. "Nasikiliza. Ikipungua mmoja, nakula mtoto mmoja."

Ko! Ko! Ko! Bi Pimbi akapiga paa, likaisha. Ko! Ko! Ko! Akapiga kuta, zikaisha. Likabaki bati moja la mwisho, ukuta wa nyuma, pale pale lilipo tenga. Juu akapiga misumari minne. Ko! Ko! Ko! Ko! Chini akagonga mbao tupu, msumari hakuna. Ko! Ko! Ko! Jasho likamtiririka. Akisikia je? Ko!

Chui akafumbua macho.

"Minane," akasema Chui. "Nyumba imekwisha. Sasa karamu."

"Na wanangu, mzee?"

"Ndiyo karamu yenyewe."

Mlango ukafungwa, paa! Bi Pimbi akabaki nje, analia. Lakini wingu lilikuwa limeshaiva, na kabla Chui hajafungua tenga, mvua ikashuka. Ngararararara! Bati jembamba, dari hakuna, nyumba nzima ikawa ngoma. Chui akafurahi kama amekula. Akaliacha tenga, akakimbilia dirishani kuwapigia majirani kelele.

"Mnasikia? Bati langu hilo!"

Bi Pimbi akazunguka nyuma mbio. Akainua bati kwa chini, likapinda. Akaikata kamba kwa meno. Kopa akatoka, swii! Bunda akatoka, swii! Tindi anainama atoke...

Mvua ikakata.

Hebu fikirini. Bi Pimbi kashikilia bati, akiliachia litalia. Makali yanamkata vidole. Chui akasimamisha masikio.

"Mpo?"

"Tupo," akajibu Tindi.

"Kopa!"

"Naam!" akasema Tindi kwa sauti nyembamba.

"Bunda!"

"Naam!" akasema Tindi kwa sauti nzito.

"Tindi!"

Maskini! Sauti yake mwenyewe ndiyo ikamkauka.

Chui akaruka, vuu! Tindi akapenya, swii! Kichwa cha Chui nacho kikapenya nyuma yake. Bi Pimbi akaachia bati. Nga! Likamtua shingoni, akakwama, kichwa nje, kiwiliwili ndani. Akanguruma mpaka majani yakapukutika. Bi Pimbi angeweza kukimbia, na miguu ilitaka sana kukimbia. Lakini akaokota nyundo, akatoa misumari mfukoni, akapiga huku analia kwa hofu. Ko! Ko! kushoto kwa shingo. Ko! Ko! kulia.

"Minane, mzee," akasema. "Sasa ndiyo imekwisha."

Hadithi imetoka kinywani, imebaki masikioni mwenu. Mimi nileteeni maji. Funzo? Funzo ni hili, nanyi mafundi mliojificha huko nyuma mlisikie: msimwibie mwenye nyumba misumari. Ukisahau minne, rudi ukaipige. Na mkienda dukani, chukueni bati lenye namba kubwa. Chui ndivyo alivyosema, na Chui ni mkubwa.