Kitambaa cha King'ora

Najua wapo watakaoguna. Mnaamini mganga anaona ng'ombe aliyepotea ndani ya kioo, lakini nikiwaambia kuna kidude cha plastiki kinachonusa moshi na kupiga kelele, mnatazamana. Acheni ubishi, sikilizeni.

Kulikuwa na mama mmoja, fundi cherehani, aliyeishi na baba yake mzee asiyeweza kuinuka kitandani bila kushikwa. Mdogo wake, askari wa zimamoto, alimletea king'ora cha moshi, akakibana darini kwenye korido, mbele ya chumba cha mzee.

"Dada, nisikukute umekihamishia jikoni. Kule kitakulilia kila chapati."

Hata koridoni kililia. Kililia samaki wa kukaanga, kikalilia ubani, kikalilia mvuke wa maji ya kuoga. Siku mchungaji alipokuja kumwombea mzee, chapati iliungua, king'ora kikamkatiza katikati ya sala. Mama yule badala ya kuona haya alijaa fahari. Kitu kidogo kama kisosi, hakina macho, na hakimwogopi mtu. Kwa nini asikipende?

Sasa nyie akina mama, kitu tukikipenda ndani ya nyumba tunakifanya nini? Si tunakifumia kitambaa? Redio ina kitambaa, makochi yana vitambaa. Naye akafuma cheupe chenye maua, na kwa kuwa ni fundi akakitia bitana nzito, akakivalisha king'ora kama kofia, kisiingie vumbi.

Jirani alikuja kutazama. Alisifu, kisha akauliza, "Mbona siku hizi hakisemi?"

"Kimeshatuzoea, shoga. Kimekuwa mtu wa nyumbani."

Mchana mmoja alikuwa uani anaanika nguo. Pasi alikuwa ameisahau chumbani kwa mzee, juu ya blanketi, ikiwaka. Moshi ulijaa chumba, ukamwagika koridoni, ukapanda mpaka darini. King'ora kimya. Kilichomfikia ni bakora ya mzee ikigonga dirisha, tena kwa unyonge.

Hapa nimsifu. Hakupiga yowe wala kuita watu. Alijitosa ndani, akamkokota mzee kwa makwapa hadi uani, akarudi na ndoo za maji mpaka moto ukazima. Mkono wake wa kushoto una kovu.

Mzee alikohoa weee, ndipo akasema, "Kile cha mdogo wako kimekufa?"

Mama yule alipanda stuli aking'oe akitupe. Akavuta kitambaa kwanza. Hapo hapo kikalia, mtaa mzima ukasikia. Kilikuwa kizima muda wote.

"Hakikufa, mwanangu," mzee akasema kutoka uani. "Ulikiheshimu mno."

Ndugu zangu, nani alikinyamazisha? Adui? Sisi anayetuambia ukweli hatumpigi, sisi ni wastaarabu. Tunampa kiti cha mbele, tunampelekea soda kwenye sinia, tunamfanya mlezi wa kwaya, mpaka siku akifungua mdomo aonekane hana adabu. Halafu tunashangaa moshi umefikaje kitandani kwa mzee. Mungu ametuwekea watu wa kupiga kelele, na amewaweka mahali pao. Tuwaache wazi, hata wakitukatiza sala.

Na mimi mmeniwekea kiti hapo, karibu na mchungaji, kina kitambaa kizuri. Sikikalii, nisije nami nikavalishwa kofia. Natoka, msinisindikize, na mlango naufunga mwenyewe.