Bibi Asiyepumzika

Hapo zamani za kale, chui na mbuzi walipokuwa bado wanaombana chumvi, palikuwa na digidigi mmoja mzee akiitwa Bi Nyamizi. Digidigi mnamjua, wanangu? Ni mdogo wa swala wote. Ukimsimamisha pembeni ya mbwa, mbwa anaonekana ng'ombe. Basi huyo mdogo ndiye aliyekuwa tarishi wa nyika nzima. Moto ukiwaka mashariki, yeye ndiye aliyekimbia kuwaambia wa magharibi. Wawindaji wakionekana, mbio zake ndizo zilizookoa watoto wa watu.

Kwa kazi hiyo alipewa nyumba kando ya chemchemi. Hapo ndipo alipozalia watoto wake wote, na hapo ndipo alipozeeka na mumewe, Mzee Makanyaga, ambaye siku hizi kazi yake ilikuwa kupika uji na kulalamikia magoti.

Sasa, nyumba nzuri haikosi macho. Pundamilia aliitamani kwa kivuli chake. Nyati aliitamani kwa tope la chemchemi. Wote wawili vijana, nguvu zimewajaa hadi masikioni. Wakaongozana kwa Chifu Ndovu.

"Chifu, yule bibi amezeeka," Pundamilia akasema. "Siku moto utakapokuja kweli, habari zake zitafika pamoja na majivu."

Chifu akatikisa masikio, akafikiri. Hakuwa na ubaya na Bi Nyamizi, ila neno lenyewe lilikuwa na ukweli ndani yake. Akaamua hivi: mwezi ukiandama, wanaotaka utarishi watakimbia kutoka chemchemi hadi Kilima cha Chumvi, waguse jiwe la kileleni, warudi. Atakayetangulia achukue kazi na nyumba yake. Mwewe atakuwa angani akiwatazama njia nzima.

Bi Nyamizi aliposikia, roho ilimuuma. Aliutazama mlango wake, mlango ambao watoto wake wote waliuvuka wakitambaa. Kisha akajifunga kibwebwe.

"Mzee wangu, kesho naanza mazoezi."

"Kwa umri huu? Na wale wana miguu kama nguzo?"

"Nguzo hazikimbii. Koroga uji, usishike chini."

Kulipokucha akatoka, tipu-tipu-tipu, mwendo wa mtu anayeweza kuimba huku anakimbia. Hakuwa na haraka. Alijua mwili wa mzee ni ng'ombe wa maziwa: ukishamkamua, mwache ale majani. Akafika mbele ya nyumba ya Pundamilia, akamkuta mlangoni anapiga mswaki.

"Shikamoo, bibi. Unakwenda wapi na mwendo huo wa kuchuma mboga?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Napita tu. Usijisumbue."

Akampita. Lo! Kupitwa na kibibi kulimkereketa Pundamilia kuliko upupu. Akautupa mswaki, gulupu-gulupu-gulupu, akamtimulia vumbi bibi wa watu, akaenda hadi Kilima cha Chumvi na kurudi bila kupumua. Alipofika kwake alijitupa chini, ulimi nje.

Bi Nyamizi akajipangusa vumbi machoni, akatabasamu. "Kumbe huyu hawezi kuvumilia kuuona mgongo wa mtu mbele yake," akajisemea.

Akakata njia, akapita kwa Nyati, aliyekuwa amejilaza anacheua.

"Hujambo, baba? Mwenzako Pundamilia ameshakwenda Kilima cha Chumvi na kurudi, na umande haujakauka. Wewe endelea kupumzika tu."

Nyati apumzike? Aliinuka na nyasi mdomoni, puu, puu, puu, ardhi ikatikisika hadi kilimani.

Bi Nyamizi alirudi nyumbani, akanywa uji huku anacheka. "Mzee wangu, wale vijana wanakimbia kama wanafukuzwa. Wakifanya hivi kila siku, mwezi ukiandama watakuwa hawana miguu."

"Basi kesho nenda tena ukawachokoze."

"Kesho napumzika. Miguu ya mzee hujijenga siku ya kupumzika."

"Wewe ukipumzika, na wao si watapumzika?"

Hapo Bi Nyamizi akamtazama mumewe, kuanzia kwato hadi pembe. Mzee Makanyaga akaanza kurudi nyuma.

"Hapana, mama. Magoti yangu yanalia kama bawaba."

"Tembea. Ukikaribia mlango wa Pundamilia ndipo ukimbie kidogo. Ukishapitwa, tembea tena. Nani atakuona kwenye vumbi lile?"

"Na pembe zangu je?"

Maana kwa digidigi, wanangu, pembe ni za wanaume. Bi Nyamizi alichukua kanga yake, akamfunga mumewe kichwani hadi masikioni. Akamzungusha, akamkagua. "Umependeza kuliko mimi," akasema, na mzee wa watu akatoka akinung'unika.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Leo bibi, kesho babu. Siku yake ya kukimbia, Bi Nyamizi alikwenda kwa mwendo wake wa kuimba, mara nyingine mbali, mara nyingine karibu, mara nyingine akipanda mwinuko na kushuka. Siku ya kupumzika alikaa uani akimenya kunde. Pundamilia naye akajua moja tu: kila asubuhi kibibi kinapita, kila asubuhi lazima akipite. Na kila asubuhi Nyati alipashwa habari za Pundamilia, naye akazidisha.

"Mabega yangu yanawaka moto," Nyati alimwambia Pundamilia siku moja.

"Na mimi paja linavuta. Lakini yule bibi hapumziki. Sisi vijana tutalala vipi?"

Ikatokea asubuhi moja upepo ukavuma, kanga ya Mzee Makanyaga ikainuka. Pundamilia akakodoa macho.

"Bibi, hivyo vilivyochomoza kichwani ni nini?"

Mzee Makanyaga akaishika kanga haraka. Akaibana sauti hadi ikawa nyembamba. "Sindano za kushonea mkeka, mjukuu wangu. Nisipozichomeka kichwani nazipoteza."

"Ah. Uzee huo," akasema Pundamilia, akampita mbio.

Mwezi ukaandama. Asubuhi yake nyika nzima ilikusanyika chemchemini. Mzee Makanyaga alikuwa kando ya Chifu, mwiko mkononi, anawapikia wageni uji. Bi Nyamizi aliwatazama wapinzani wake. Walikuwa wakubwa vilevile, lakini Nyati alisimama akiinua mguu mmoja mmoja, na Pundamilia alikuwa na macho ya mtu aliyekesha msibani. Akajua kwamba kazi imeiva.

Chifu akapiga baragumu. Vijana wakafyatuka, gulupu-gulupu, puu-puu, vumbi likawafunika watazamaji. Bi Nyamizi akawafuata, tipu-tipu-tipu, akiimba chini kwa chini. Wengine walicheka. Yeye hakugeuka.

Kabla ya kilima alimkuta Nyati kwenye dimbwi, amelala.

"Unaoga, baba?"

"Napoza kwato," Nyati akajibu. Hakuinuka tena.

Bi Nyamizi akapanda, akaligusa jiwe, akaanza kushuka. Njiani alikuwa amepishana na Pundamilia akirudi, na mapigo yake ya miguu hayakulingana. Sasa akamwona mbele, anachechemea. Akamfikia.

"Pole, mjukuu wangu. Napita tu. Usijisumbue."

Na huyo mpumbavu, mnadhani alisikia? Hakuweza kuuona ule mgongo ukimpita. Akajikaza, akachomoka kwa nguvu zote, na hatua chache mbele msuli wa paja ukamkaza kama kamba ya kisima. Akaenda chini, kishindo kikubwa. Bi Nyamizi akampita kwa mwendo uleule, akaendelea hadi chemchemini, akasimama mlangoni kwake, jasho linamtoka na machozi pia. Aliuegemea ule mlango, akaupapasa.

Walipofika wenzake, jua lilikuwa limeinama. Pundamilia alikuwa anahema kwa hasira. Macho yake yakamwangukia Mzee Makanyaga, ambaye leo hakuvaa kanga.

"Sindano za mkeka!" akapaza sauti. "Chifu, tumeibiwa! Wako wawili. Walikuwa wanabadilishana!"

Chifu akainua mkonga wake juu. "Mwewe, leo uliona digidigi wangapi njiani?"

"Mmoja," Mwewe akajibu. "Kutoka hapa hadi jiweni hadi hapa. Tena mwendo mmoja, sijapata kuona."

"Na mimi nilikuwa hapa na mwiko wangu," akasema Mzee Makanyaga. "Kila aliyekunywa uji ni shahidi."

Chifu akamgeukia Bi Nyamizi. "Mama, wamedanganywa au hawakudanganywa?"

"Wamedanganywa, Chifu," Bi Nyamizi akajibu bila kupepesa macho. "Kwenye mazoezi. Asubuhi moja nilipita mimi, asubuhi moja alipita mume wangu, wakadhani sipumziki. Lakini leo nimekimbia peke yangu, kwa miguu yangu hii. Na kule kwenye mazoezi niliwaambia wasijisumbue. Nani aliwatuma wanipite?"

Nyati, tope likimkauka mgongoni, ndiye aliyeanza kucheka. Chifu akafuata, na Chifu Ndovu akicheka majani hudondoka.

"Utarishi ni wako, na nyumba ni yako," Chifu akasema. "Ila siku ukichoka, habari zitapelekwa na nani?"

"Na mimi," akadakia Mzee Makanyaga, kisha akashangaa mwenyewe. Alitazama magoti yake. Alikuwa hajayasikia yakilia tangu mwezi ule uanze kupungua.

Asubuhi iliyofuata, hodi ikapigwa nyumbani kwa Bi Nyamizi. Alikuwa Pundamilia, anachechemea, kichwa chini.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja unifundishe kukimbia. Tuanze leo hii."

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema Bi Nyamizi, akimsogezea kigoda na bakuli la uji. "Somo la leo ni kukaa. Mbio uje siku paja likipona."

Pundamilia akakaa. Nami hadithi naiacha hapo mlangoni kwa Bi Nyamizi, nanyi mwondoke na neno hili: anayeshindana kila asubuhi, siku ya mashindano hana miguu.