Kasha Linalopigiwa Hodi

Paukwa!

Pakawa.

Paka akawa?

Akawa na nyumba.

Nyumba ikawa?

Ikawa na mlango.

Na mlango?

Umefungwa, sote tumo ndani. Haya, lete.

Basi hapo zamani, si zamani sana, alikuwapo paka mdogo jina lake Chembe. Aliitwa Chembe kwa sababu siku alipookotwa jaani alitosha ndani ya kikombe cha kahawa. Mguu wake mmoja wa nyuma ulikuwa mbovu. Akitembea husikika tap-tap-suu, tap-tap-suu. Alikaa ghorofani kwa Bi Mwanakheri, mshonaji wa kofia, na tangu aokotwe hakukanyaga nje tena. Nje kulikuwa na mbwa, na Chembe hakuwa na mbio.

Bi Mwanakheri alikuwa mtu wa taratibu. Madirisha yote ya ghorofani yalikuwa na wavu wa waya. Sindano na nyuzi, akimaliza kushona, zilirudi koponi, na kopo lilifungwa, ka. Maji ya paka yalibadilishwa kila asubuhi. Na katika nyumba ile hakuna kitu chenye kifuniko kilichofungwa kabla ya kupigiwa hodi. Desturi hiyo aliiacha mama yake, ambaye mwaka mmoja wa masika makubwa alimfungia paka ndani ya kasha la nguo bila kujua, siku mbili nzima. Paka alitoka hai, lakini sauti hakuwa nayo tena. Tangu hapo, liwe kasha, liwe kabati, liwe pipa, hata sufuria ya pilau: kwanza hodi, kisha kusubiri, kisha kufunga.

Asubuhi moja Bi Mwanakheri aliteremka kununua samaki mlangoni. Alipokuwa akichagua changu, kitu kikapita nyuma ya kanga yake, fyu, kikapanda ngazi.

Alikuwa Shume. Mtaa mzima ulimjua Shume. Kichwa kama kifuu, sikio moja limechanika, mabega kama ya beberu. Alikula kuku wa watu, akala na vifaranga, kisha akanywa maji ya kuku na kulala palepale bandani.

Akamkuta Chembe mkekani, kando ya sahani ya dagaa.

"We kipaka, hiki nini?"

"Chakula changu, kaka."

"Kilikuwa chako."

Akala, nyafu nyafu nyafu. Akalamba sahani mpaka ikazunguka.

"Sasa sikiliza," akasema Shume. "Nyumba hii imenipendeza. Kuanzia leo paka wa hapa ni mimi. Mlango ukifunguliwa, wewe unatoka. Usipotoka nitakutoa, na sitakutoa mzima."

Moyo wa Chembe ukaenda ndu, ndu, ndu. Nje mbwa, ndani Shume, na mguu ndio ule. Akatafuta pa kutazama. Ndipo akaona kwamba Shume naye anatazama. Anatazama huku, anatazama kule, mdomo wazi. Hakuwahi kuingia nyumba ya mtu ila kwa kuiba na kukimbia. Leo ndiyo mara ya kwanza kusimama ndani akaiona.

"Na waya huu wa dirishani," akauliza, "wa nini?"

Chembe akajilamba mkono, polepole.

"Hilo usiniulize, kaka."

"Nakuuliza."

"Waliuweka siku ile nilipopanda dirishani mara ya kwanza. Jirani alikuwa chini. Aliponiona alipiga ukelele, akaufunika uso wake."

Shume akaukaribia waya, akaunusa. Ulikuwa mzito, umepigiliwa misumari pande zote nne. Kwa kadiri Shume alivyoijua dunia, watu hufungia kitu kwa sababu moja tu: wanakiogopa. Akameza mate, kumm.

"Na lile kopo?"

"Hilo usiniulize, kaka."

"Nakuuliza."

"Mna sindano na nyuzi. Zamani zilikaa wazi. Siku moja niliutia uzi mdomoni, basi. Bi Mwanakheri aliruka kutoka kitini, akaupokonya, mikono yote inamtetemeka. Tangu siku hiyo akishona hunitazama mimi kuliko anavyoitazama kofia."

Kumm.

"Na ile alama ya chungu pale pembeni?"

"Hilo ndilo usiniulize kabisa. Palikuwa na ua la yungiyungi, jeupe, zawadi ya jirani. Nililinusa mara moja."

"Kisha?"

"Unaliona?"

Shume hakuliona. Lilikuwa limerudishwa kwa mwenyewe saa ileile, kwa shukrani nyingi, kwa kuwa ua hilo ni sumu kwa paka. Na tuelewane hapo: Chembe alikuwa hajasema uongo hata neno moja.

Lakini Shume hakuwa mkubwa bure. Akajitikisa, akacheka.

"Mwongo we. Kitu kama kipande cha sabuni. Mguu wenyewe umekufa."

"Mguu huu uligongwa na baiskeli."

"Na baiskeli?"

"Haikuonekana tena mtaani."

Hapo ngazi zikalia, kwa, kwa, kwa. Bi Mwanakheri alikuwa anapanda.

"Usiniamini mimi," akasema Chembe. "Ingia uvunguni, utazame mwenyewe."

Shume akaingia uvunguni mwa kitanda. Chembe, tap-tap-suu, akaenda kwenye kasha lililoachwa wazi, akapanda, akazama katikati ya kanga.

Bi Mwanakheri akaweka samaki, akanawa, akaja kufunga kasha. Mwanamke mrefu, mifupa mipana. Shume alimjua vizuri; alikwisha kupigwa ufagio wake mara tatu. Mkono ukashika kifuniko. Mkono ukasita. Akagonga, ngo, ngo, ngo.

"Hodi."

Kimya. Chembe akauacha ukimya ukae.

Bi Mwanakheri akasimama, ameinamisha kichwa, anasubiri. "Hodi, mama."

"Nyau."

"Haya, bibi yangu. Toka basi nifunge."

Chembe akatoka kwa wakati wake. Ndipo kasha likafungwa. Kisha Bi Mwanakheri akaenda kwenye karai la mchanga, choo cha Chembe, akapiga magoti, akachota uchafu wote. Akainuka, akamwaga maji ya jana, akaweka ya leo. Akaona sahani tupu.

"Umemaliza mapema hivi? Nisamehe, mwanangu, nilikupunja." Akamkatia samaki, akashuka na uchafu wake.

Shume akatoka uvunguni, tumbo linagusa sakafu. Kipaka amepigiwa hodi. Amepigiwa magoti. Ameombwa msamaha. Macho ya Shume yalikuwa makubwa kama visahani vya chai.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba."

"Naomba ruhusa niende."

"Samaki hutaki?"

"Nimeshiba, bibi mkubwa."

"Umeshiba dagaa za nani?"

Shume akainamisha kichwa. Chembe akamwonyesha ngazi kwa mkia. Shume akaziruka zote, fyu, akampita Bi Mwanakheri mlangoni.

"Kumbe tulikuwa na mgeni," akasema Bi Mwanakheri, akaufunga mlango na komeo.

Tangu siku hiyo Shume hupita upande wa pili wa barabara. Akiona kivuli kidogo nyuma ya waya, husimama, huamkia, ndipo huenda zake.

Na Chembe? Alipobaki peke yake akajikokota hadi kabati la vyombo, akajibana nyuma ya sinia, akatetemeka. Bi Mwanakheri akarudi, akaona kabati liko wazi, akanyoosha mkono alifunge. Mkono ukasita.

Ngo, ngo, ngo. "Hodi."

Maisha yake yote Chembe aliisikia hodi ile, akaijibu bila kuifikiri. Leo hakujibu. Alitaka kujua itangoja kwa muda gani.

Ikangoja. Birika likachemka, likafurika, tsss, likazima moto. Bi Mwanakheri hakwenda. Hakufunga, wala hakugonga kwa hasira. Alisimama tu na mlango wa kabati mkononi, anasikiliza. Chembe akakumbuka yote aliyomwambia Shume, akayaona upya moja moja, na manyoya yakamsimama toka shingoni hadi mkiani. Kumbe yalikuwa kweli: anaogopwa.

"Nyau," akasema, kwa sauti ndogo.

"Haya, mama. Nilijua umo."

Ngano yangu imetoka kabatini, na kabati nimelifunga. Iliyemkaa ailee, iliyemkera aifungulie dirisha, ila atazame kwanza kama lina wavu.

Na funzo lake ni hili: paka ni mnyama wa kutisha mno. Wekeni waya madirishani, ficheni nyuzi, rudisheni maua ya watu, na msifunge hata sufuria bila kumwomba ruhusa. Si kwa ajili yake. Ni kwa usalama wenu.