Kiganja Kilekile

Wapendwa, palikuwa na mama mmoja ambaye kwa kuwatembelea wagonjwa hakuna aliyemfikia. Binti yake alipojifungua mtoto wa kwanza, baada ya kumngoja miaka tisa, mama huyo alifika wodini na kanga yake begani. Mnadhani alikwenda moja kwa moja kwa mjukuu? Wapi! Alianzia kitanda cha kwanza, akisalimia na kuwawekea wote mikono. Nanyi mngefanya hivyohivyo, nawajua.

Kwenye kitanda cha tano alilala mzazi ambaye mshono wake wa upasuaji ulikuwa umetunga usaha. Mama akaweka mkono juu ya bandeji iliyolowa, akaomba kwa machozi. Nesi akamwahi.

"Bibi, samahani. Ndoo ya maji na sabuni ipo pale mlangoni. Nawa kwanza, ndipo uende kitanda kingine."

"Ninawe mbele yake, ajione najisi? Mwanangu, mimi nimekuja na upendo, sikuja na uchafu."

Wodi nzima ikaitikia amina. Ninyi mngekuwa upande wa nani? Semeni kweli, mko kanisani.

Kitanda cha sita kilikuwa cha binti yake. Mama akampokea mjukuu, akamfunua, akaweka kiganja kilekile juu ya kitovu kibichi, akambariki.

Siku ya tatu kitovu kikawa chekundu, mtoto akachemka homa, akaacha kunyonya. Siku ya sita wakamzika.

Walipotoka makaburini, binti alimuuliza mama yake swali moja tu: "Mama, kabla hujamshika mwanangu, ulitoka kitanda kipi?"

Waombolezaji wakaja kumpa mama pole, kila mmoja akinyoosha mkono. Yeye akaificha mikono yake ndani ya kanga, hakumshika hata mmoja.

Naumia kusimulia haya, kwa maana sisi ndio yule mama. Tunaona haya kunawa, tusije tukaonekana tunamnyanyapaa mtu. Kumbe kwa haya zetu tunambebea mgonjwa mmoja maradhi ya mwenzake. Huo ni upendo gani?

Leo mchana tunakwenda kuwaona wagonjwa. Anayeona aibu kuinama kwenye ndoo, abaki hapa, aombee hapahapa. Mimi nitanawa wa kwanza, na nitanawa tena kila nitokapo kitandani kwa mtu, huku ananitazama.