Litania Isiyoruka Mtu

Paukwa!

Pakawa!

Mmejibu kama watu walioshiba kwa jirani. Tena. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sasa. Anayeita na asiitikiwe ana kazi ngumu, na leo nawapa habari za aliyeita asiitikiwe. Yusta, wewe uliyeniuliza asubuhi, "Bibi, huko kwa Wakatoliki unang'ang'ania nini, si uje kwetu kwenye vipaza sauti?" sogea mbele. Jibu langu si la kitabu. Nilisoma vitabu viwili tu, na kimoja kililiwa na mchwa.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji mgongoni mwa kilima, na kijijini palikuwa na kanisa la udongo, paa la nyasi. Padri alifika mara moja kwa mwaka, juu ya punda. Anabatiza waliozaliwa, anafungisha ndoa waliokwisha kuzaa, anawaombea waliokwisha kuoza, anaondoka. Siku nyingine zote kanisa lilikuwa mikononi mwa Bibi Otilia.

Bibi Otilia alikuwa mzee. Meno hana. Mguu mmoja mfupi. Alitembea kwa fimbo: ko-pu! ko-pu! Ko ni fimbo, pu ni mguu. Watu wakisikia ko-pu, ko-pu, wanaacha kusengenya na kuanza kupeta mchele, hata kama ungo hauna kitu.

Kijijini hapo alikuwapo mwanamke jina lake Apolonia. Sauti alikuwa nayo, na alijua kuwa anayo, ndiyo iliyokuwa shida. Kila ubatizo yeye ndiye aliyeita litania. Anaita, "Mtakatifu Petro!" Watu wanajibu, "Utuombee!" Anaita, "Mtakatifu Agata!" "Utuombee!" Kanisa linavuma, vuuu, kama mzinga wa nyuki. Apolonia anavimba kama andazi.

Na kijiji hicho kilikuwa na desturi yake. Litania haikuishia kwa watakatifu wakubwa peke yao. Kila mtu aliyebatizwa pale, msimamizi wake wa mbinguni lazima aitwe. Ukiwa Skolastika, utasikia Mtakatifu Skolastika, nawe utainua shingo. Ukiwa Anselmi, utasikia Anselmi. Mtu alilima mwaka mzima akingoja siku jina lake litakapoitwa.

Basi mbuzi wa Skolastika akala kunde za Apolonia. Mwaka ule litania ikapita, Mtakatifu Skolastika hakuitwa. Watu wakadhani amesahau. Mwaka uliofuata Anselmi akamnyima Apolonia jembe. Mtakatifu Anselmi naye hakuitwa. Mzee wa watu akatoka kanisani ameinamisha kichwa kama aliyefiwa.

Ko-pu! Ko-pu! Bibi Otilia huyo mlangoni kwa Apolonia.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Karibu kiti, Bibi."

"Sikai. Mbuzi amekula kunde. Mtakatifu Skolastika amekula nini?"

Apolonia akavuta ungo, akaanza kupeta.

"Litania si shamba lako, mwanangu, uchague pa kupalilia. Mwaka ujao ataita mwingine."

"Nani?"

"Kasiana."

Lo! Afadhali angemtaja mbuzi. Kasiana alikuwa ameolewa na mdogo wa mume wa Apolonia, mwaka wa pili tu pale. Ua mmoja, mama mkwe mmoja, kisima kimoja. Akipika, mama mkwe anasifu mboga. Akifagia, mama mkwe anasifu ufagio. Na akiimba, jamani, nisiseme uongo kwa kuwa nimezeeka, akiimba hata kuku waliacha kuparua. Apolonia alimsikia akiimba mtoni, akakaa nyuma ya matete akilia kwa hasira. Kwa nini yeye? Mimi nilikuwa hapa kwanza! Wivu ukamwingia kama funza: kwanza unawasha, ukikuna unanoga, mwisho mguu wote unaoza.

Kasiana akajifungua mtoto wa kike, dhaifu, kifua kinapiga kama cha kifaranga. Wote wakahesabu siku: padri atawahi?

Sasa sikilizeni ubaya wa mtu. Kasiana alikuwa na kawaida ya kutafuna kimzizi kabla ya kuimba. Apolonia akakiona. Akaenda nyumba ya kwanza.

"Shoga, ile sauti si ya bure. Ana mzizi."

Nyumba ya pili. "Mmewahi kujiuliza? Ana mzizi."

Nyumba ya tatu. "Ukimwitikia, sauti yako inahamia kwake. Mwangalie Anselmi."

Kweli, Anselmi alikuwa amekaukiwa na koo wiki ile. Mafua tu! Lakini neno likapata miguu. Mzizi, mzizi, mzizi. Aliyekuwa amekubali kumsimamia mtoto ubatizo akasema kiuno kinamuuma. Mama mkwe, yule yule msifu mboga, akafunga nguo za Kasiana katika kitenge, akaweka furushi kando ya mlango. Akasema, "Padri akiondoka, na huyu aondoke. Mwanangu siwezi kumwacha alale na mchawi. Mtoto atabaki."

Apolonia akaliona furushi. Akalala vizuri siku hiyo? Alilala. Msitake kusikia kwamba hakulala. Alikoroma.

Kesho yake, ko-pu, ko-pu.

"Apolonia, una nini moyoni?"

"Sina kitu, Bibi."

"Haya. Kaa na hicho usicho nacho."

Akaenda zake, ko-pu, ko-pu, mpaka kwa Kasiana. Apolonia akatega sikio ukutani. Kasiana alikuwa analia.

"Bibi, namjua aliyeyasema haya. Kesho nitaita wote. Yeye sitamwita."

"Mwanangu, aliyekuwapo kabla yako alianza hivyo hivyo. Alianza na mbuzi."

Bibi Otilia akashika njia, ko-pu, ko-pu. Hakuwa mtu wa kurudia maneno.

Siku ikafika. Padri amekuja, punda amefungwa, kanisa limejaa. Kasiana akasimama mbele, mtoto mgongoni. Akafungua kinywa.

"Mtakatifu Petro!"

Kimya.

"Mtakatifu Agata!"

Kimya. Watu wameziba midomo kwa viganja, wengine wamewaziba na watoto. Padri anageuza shingo huku na huku, hajui amekosea kijiji au vipi. Mtoto mgongoni anahema, he, he, he. Mama mkwe anatazama mlangoni. Na Apolonia? Apolonia moyoni anachekelea. Sasa utaijua litania, mwanamke wewe.

Ko-pu! Ko-pu! Ko-pu!

Bibi Otilia akatoka nyuma, akaenda kusimama ubavuni mwa Kasiana. Akampiga fimbo ya mguu, kidogo. Yaani, ita.

"Mtakatifu Yosefu!"

"Uchuombee!" akajibu Bibi Otilia, peke yake, kwa ufizi mtupu. Sauti kama mlango wa zizi.

"Mtakatifu Monika!"

"Uchuombee!"

"Mtakatifu Skolastika!"

"Uchuombee!"

Watu wakamkodolea macho. Wanangoja sauti ya ajuza ihame. Haihami! Kila mtakatifu inazidi kukwaruza. Watoto wakaanza kucheka ndani ya viganja. Anselmi akaitiwa wake, machozi yakamtoka, lakini mkono haujatoka mdomoni. Majina yakapita, moja moja, nyumba kwa nyumba, hadi likabaki moja.

Kasiana akageuka. Akamtazama Apolonia. Mnajua anavyokutazama mtu anayejua? Si kwa hasira. Heri ingekuwa hasira.

Akaita, "Mtakatifu Apolonia!"

Bibi Otilia akafunga mdomo. Hili hakuliitikia. Akaegemea fimbo yake, akatazama paa.

"Mtakatifu Apolonia!"

Kimya. Mtoto, he, he.

Apolonia akageuka kutazama watu: viganja midomoni. Alikuwa amewanyima wengine jina, na sasa anapewa lake na yule yule aliyefungiwa furushi kwa uongo wake. Asipojibu, nani atajibu? Wote ameshawaziba midomo yeye mwenyewe. Mtego wake, shingo yake.

Mara ya tatu, na sauti ya Kasiana sasa imepasuka kwa kuchoka: "Mtakatifu Apolonia!"

"Utuombee," akasema Apolonia.

Haikuwa sauti nzuri. Ilitoka kama mfupa uliokwama. Lakini ilitoka, na haikuhama. Akasimama.

"Uongo ule ni wangu. Ule mzizi ni tangawizi. Namwonea wivu, basi. Namwonea wivu wa mboga, wa ufagio na wa sauti. Mama, rudisha nguo za watu ndani."

Mlipuko uliofuata msiniombe niuelezee. Litania ikaanzwa upya kutoka kwa Petro, vuuu, nyasi za paa zikadondoka, punda akakata kamba. Padri akauliza, "Mtoto anasimamiwa na nani?" Kila mtu akakumbuka kiuno. Bibi Otilia akainyoosha fimbo, ko, kwenye kifua cha Apolonia.

"Huyu. Mikono anayo."

Apolonia akampokea mtoto. Mwepesi kama kuku aliyenyonyolewa. Akashikwa na hofu isiyo kifani kwamba atamfia mikononi. Hakufa. Ana wajukuu, na kelele zake mnazijua.

Yusta, unachekea nini? Umeshagundua. Ndiyo, Apolonia wa kunde ni huyu bibi yako. Padri akaniungamisha kwenye kivuli chembamba cha ukuta, nikapewa rozari tatu. Rozari nilisali. Wivu haukuisha. Wivu si kuku, huuchinji mara moja. Miaka arobaini nilikaa ua mmoja na Kasiana nikimsikia akiita. Alipokufa, kanisa lilijaa hadi nje, wote wakaitikia jina lake. Nikamwonea wivu hata jenezani.

Lakini kila mwaka, miaka arobaini, aliniita. Hakuruka hata mara moja. Mimi nami kila mwaka nilijibu.

Unaniuliza nang'ang'ania nini? Hicho. Niende wapi pengine, ambako mtu niliyemtenda vile atasimama mbele za watu na kuniombea kwa jina langu, nami lazima nifungue mdomo? Huko kwenu mnaimba vizuri, nasikia hadi jikoni. Hata ninyi nawaonea wivu. Lakini sihami.

Mafundisho yake ni haya: chuki yako na mtu ifanyie nyumbani, ila ukishika orodha ya watu wa Mungu, usimruke mtu. Siku yangu ikifika, muwaite wote. Hata mwenye mbuzi.

Ngano yangu imekaa kitako hapa, haisogei tena. Paukwa!

Nasema, paukwa!

Pakawa.