Lundo la Miyaa Iliyochomolewa

Ndugu zangu, palikuwa na mama mmoja msusi wa mikeka ya miyaa, yaani vipande vyembamba vya ukindu. Alikuwa na mabinti wawili, na mkeka mmoja wenye nakshi ya bibi yake, nakshi ambayo haikubaki kwingine kokote. Macho yalipoanza kufifia, aliufumua mkeka katikati, akampa kila binti nusu yake aisukie nusu iliyokosekana. Kanuni ilikuwa hii: penye mwaa mweusi, mkabala wake huja mwekundu, penye mweupe, huja wa kijani. Na kwa kuwa hakuna kati yao aliyejua kuanza ukili, ule utepe wa msuko, mama aliwaanzia kwa mkono wake. Atakayesuka sawasawa ndiye atakayerithi nakshi na kuifundisha kwa wajukuu.

Mdogo alikuwa na mkono mwepesi. Kilichomshangaza ni dada yake: kila hatua alisita, akapapasa alichokwisha kusuka, na mara nyingine akarudi nyuma, akachomoa mwaa na kuutupa. Kwa nini? Mdogo akahesabu. Kufikia siku ya nne, miyaa thelathini na saba ilikuwa sakafuni.

"Dada, unasuka mkeka au unasuka taka?"

"Vyote viwili, mdogo wangu," akajibu bila kuinua uso.

Siku ya sita mdogo alimaliza. Mkubwa, siku ya tisa. Je, wewe ungempa nani?

Mama hakuomba mikeka. Aliomba miyaa iliyotupwa. Mkubwa akaleta lundo lake, mama akalipapasa.

"Na yako, mwanangu?"

"Mimi sina hata mmoja, mama," mdogo akasema kwa fahari.

"Hakuna mkono usiokosea. Basi makosa yako umeyasukia ndani."

Mdogo akaukunjua mkeka wake, akautazama safu kwa safu kwa mara ya kwanza. Safu ya tatu tu, mweusi ulikabiliana na wa kijani.

Ndugu zangu, wataalamu wanatuambia kwamba seli inapojigawa, nyuzi mbili za urithi wetu hutenganishwa vivyo hivyo. Kimeng'enya hujenga uzi mpya mkabala na wa zamani, herufi moja moja, nacho hakiwezi kuuanza chenyewe, sharti kianziwe. Hukosea kama mara moja katika herufi laki moja. Lakini hurudi nyuma, huchomoa, huweka iliyo sahihi. Kosa likabaki moja katika mamilioni.

Hata humo mwilini, Mola hakuweka mkono usiokosea. Ameweka mkono unaorudi. Nasi tunaosimama mbele zake tukijisifu kwamba sakafu zetu ni safi, makosa yetu tumeyasukia wapi?